Edgar Poe na rafiki mwenye alimuzika mara mbili

Juma hii tunawaletea maisha ya mutu mwenye alikufa zamani sana, lakini vitabu vyake vingali vinasomwa mu dunia yote: Edgar Allan Poe, Mumarekani, mwandikaji wa hadisi fupi na mashairi. Watoto wenu wenye kusoma kifaransa wanaweza kumupata bila shida, juu Charles Baudelaire, mushairi mukubwa wa Ufaransa, alitafsiri hadisi zake, na kitabu cha kwanza kilitoka mu mwaka wa 1856.

Tuanze na hadisi yake moja, maana wenye kuzoea kazi ya chini ya udongo wataisikia mbio kushinda wengine. Kwa kifaransa inaitwa « La Barrique d'amontillado ».

Mu ile hadisi kuko marafiki wawili wa zamani, Montresor na Fortunato. Ni siku ya sikukuu mu muji mumoja wa Italia, watu wanacheza mu barabara, na Fortunato amekwisha kulewa. Montresor anamusalimia na kicheko, anamushika mukono, anamuambia kama amenunua vinyo ya bei kali lakini ana mashaka kama ni ya kweli. Fortunato anajisifu: hakuna mutu anajua vinyo kumushinda yeye. Basi wanashuka pamoja chini ya nyumba, mu galeri ya zamani kwenye jamaa ya Montresor walikuwaka wanazika wafu wao. Kuta zinatoka mayi, chumvi nyeupe inashikamana ku mawe, hewa ni mubaya. Fortunato anakohoa sana. Montresor anajifanya kumuonea huruma, anamuomba warudi juu ya afya yake, anamupa vinyo ya kunywa njiani. Fortunato anakataa kurudi. Ku mwisho wa galeri kuko tundu mu ukuta. Montresor anamuingiza mule, anamufunga na munyororo ku jiwe, kisha anatosha mawe na chokaa yenye alikuwa amekwisha kuficha, na anajenga ukuta, safu kwa safu, mupaka sauti ya rafiki yake inanyamaza. Miaka 50 inapita, na hakuna mutu anagusa ule ukuta.

Fortunato alikosa nini? Montresor anasema tu kama alimukosea mara nyingi, na ku mwisho alimutukana. Tusi gani? Hatuambiwi. Fortunato mwenyewe hajui. Mupaka karibu na mwisho anafikiri kama ni mucheko wa marafiki.

Kila mutu wa mushimo anajua hii: mwenzako mwenye kutembea na taa mbele yako ameshika pia uzima wako. Poe hakushuka mu mushimo hata siku moja, lakini ile woga aliijua. Tuone aliipata wapi.

Mutoto wa mikono ya watu

Edgar Poe alizaliwa ku Boston, tarehe 19 januari 1809. Baba na mama walikuwa watu wa teatre, wenye kuzunguka muji kwa muji juu ya kutafuta makuta. Baba alikimbia nyumba wakati mutoto alikuwa angali mudogo. Mama, Elizabeth, alikufa ku Richmond mu desemba 1811, na Edgar hakuwa hata na miaka mitatu. Watoto walikuwa watatu, na watu waliwagawanya. Kaka mukubwa, Henry, alikwenda kwa babu na bibi ku Baltimore. Dada mudogo, Rosalie, alichukuliwa na jamaa ingine. Edgar aliingia mu nyumba ya John Allan, muchuuzi wa tumbaku, na bibi yake Frances.

Mama Frances alimupenda sawa mutoto wa tumbo lake. Lakini Bwana Allan hakuandika ku serikali kama ni mutoto wake. Alimulisha, alimuvalisha, alimupeleka mu masomo mazuri hata mu Uingereza kwa miaka mitano, lakini karatasi ya mutoto hakumupa. Edgar alikomaa mu nyumba ya kitajiri na hakujua kama iko yake ao hapana. Mwenye kulelewa mu nyumba ya watu anaisikia hii bila kuelezwa.

Mu 1826 aliingia mu universite ya Virginia. Alisema kama makuta yenye Bwana Allan alimupa haikutosha, basi alianza kucheza karata juu ya kutafuta ingine, na akapoteza. Madeni yalipita dola 2.000. Allan alikataa kuyalipa. Kijana alitoka universite mbele ya kumaliza mwaka moja, wakagombana sana mu nyumba, na mu 1827 alikimbia. Ku Boston aliingia askari na jina la bongo, Edgar Perry, na akasema kama ana miaka 22, wakati alikuwa na miaka 18. Ule mwaka njo alitosha kitabu chake cha kwanza cha mashairi, nakala 50 tu, bila jina lake.

Kazi ya askari aliifanya vizuri na akapanda cheo mupaka sajenti-majoro. Lakini Mama Frances alipokufa mu februari 1829, Edgar alifika siku moja nyuma ya maziko. Akaingia masomo ya maofisiye ku West Point, na mu 1831 wakamufukuza, juu yeye mwenyewe aliacha kwenda ku mazoezi na ku misa. Bwana Allan alioa bibi mwingine, akazaa watoto wengine, na alipokufa mu 1834 hakumuachia Edgar hata kitu kimoja.

Tangu ule wakati Poe alikuwa na kidonda chenye hakikupona. Aliwaza kama kila mwenye kumupa mukono leo atamufungia mulango kesho. Na mutu mwenye kuwaza vile, mara mingi yeye mwenyewe njo anaanza kupiga.

Kalamu kali

Watu wawili walimupa nyumba ya kweli: shangazi yake Maria Clemm, dada ya baba yake, na Virginia, mutoto wa ule shangazi. Walikuwa masikini ku Baltimore. Mu oktoba 1833 Poe alipata zawadi ya dola 50 ku gazeti moja juu ya hadisi yake, na tangu pale alianza kula kwa kalamu. Alipata kazi ku gazeti la Richmond, na mu mei 1836 akamuoa Virginia. Virginia alikuwa na miaka 13, Poe miaka 27. Hata mu ule wakati ile ndoa ilishangaza watu, na leo inatushangaza zaidi. Lakini wote wenye waliingia mu nyumba yao walisema kama alimutunza bibi yake na upole, na mama mukwe alimupenda sawa mutoto wake.

Nje ya nyumba alikuwa mutu mwingine. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu vya wenzake na kuandika mu gazeti kama ni vizuri ao vibaya. Alikuwa na akili ya kuona kosa, na alipoona kosa hakufunika. Aliwasema wengine kama ni wezi wa maandiko, hata mushairi mukubwa Longfellow, mwenye hakumukosea hata kidogo. Na kuko pombe. Glasi moja ilitosha kumugeuza. Mu machi 1843 marafiki walimutafutia kazi ya serikali, akasafiri ku Washington juu ya ile kazi, akalewa siku kadhaa, akaaibisha wenye walimusaidia, kisha akarudi nyumbani na akawaandikia barua ya kuomba musamaha. Ile kazi hakuipata tena. Ilikuwaka vile mara mingi: leo tusi, kesho machozi. Kuishi na rafiki wa namna ile ni kazi ngumu.

Yeye mwenyewe alijua. Mu 1839 aliandika hadisi yenye kuitwa « William Wilson ». Ni watoto wawili wa masomo wenye jina moja, sura moja, siku moja ya kuzaliwa, na Poe aliweka mule siku yake mwenyewe, tarehe 19 januari. Mumoja anaiba mu karata, anadanganya, anaharibu watu. Mwingine anamufuata kila pahali na anamuzuia na sauti ya chini. Ku mwisho wa kwanza anamuchoma wa pili na upanga, na pale njo anafahamu kama amejiua yeye mwenyewe. Hakuna adui wa kutoka mbali mu ile hadisi. Adui alikuwa naye tangu utoto.

Marafiki wawili wa Philadelphia

Mu muji wa Philadelphia Poe alijuana na watu wawili wenye walileta mambo makubwa mu maisha yake. Wa kwanza ni Thomas Dunn English, munganga na mwandikaji. Wa pili ni Rufus Griswold.

Tumuone kwanza Griswold. Alizaliwa mu 1815, alikuwa mutu wa magazeti mwenye kukusanya mashairi ya wengine mu vitabu vinene. Naye hakuwa mutu wa rangi moja. Wakati bibi yake alikufa mu 1842, siku 40 nyuma ya kifo alirudi ku kaburi, akafungulisha sanduku, akakata nywele za marehemu, akabaki pale analia mupaka rafiki alikuja kumutosha. Mwenye kulia vile hatuwezi kusema kama hana moyo.

Poe na Griswold walionana mu 1841. Griswold alikuwa anatengeneza kitabu kikubwa cha mashairi ya Marekani, na akaweka mashairi matatu ya Poe ndani. Kitabu kilitoka mu 1842. Griswold alimulipa Poe juu ya kuandika maneno ya kukisifu. Poe alipokea makuta, akaandika. Alisifu, lakini si kwa kipimo chenye Griswold alingojea. Kidole cha lawama kilionekana. Griswold alimeza. Ule mwaka Poe aliacha kazi yake ku gazeti la Graham, na mutu mwenye alikaa mu kiti chake alikuwa Griswold. Sasa Poe njo alimeza. Nyuma yake alizunguka mu miji anafundisha watu juu ya mashairi, na mbele ya wote akakipiga kile kitabu cha Griswold.

Kisha wakasalimiana tena, mu 1845, ku New York. Ule mwaka Poe alipata sifa kubwa juu ya shairi lake « Le Corbeau », lenye lilimuletea dola chache tu, na Griswold alihitaji jina lake mu vitabu. Poe naye alihitaji mukopo na musaada. Wakaandikiana barua za heshima. Wote wawili walimustahi sana mushairi moja mwanamuke, Frances Osgood, bibi ya mutu, na lile nalo halikusaidia urafiki. Lakini hawakupigana tena mbele ya watu. Walipeana mukono, na kila mutu aliweka hesabu yake mu mufuko.

English alikuwa namna ingine. Mu januari 1846 yeye na Poe waligombana juu ya barua za mwanamuke mumoja, wakapigana ngumi. Inasemwa kama pete ya English ilimukata Poe ku uso. Kisha Poe akamuchekesha watu mu gazeti « Godey's Lady's Book », mu maandiko yake juu ya waandikaji wa New York. English akajibu mu gazeti ingine, akamuita mwizi na mudanganyifu. Poe hakuacha: akapeleka lile gazeti ku tribinali.

Wakati kesi ilikuwa inangojea, mu novemba 1846, « Godey's » ilitosha hadisi ya Montresor na Fortunato. Waalimu wengi wanaona kama Poe alimuwazia English wakati alijenga ule ukuta wa mawe mu karatasi. Pengine ni kweli. Makuta hakuwa nayo, nguvu hakuwa nayo. Alikuwa na kalamu tu, na kwa kalamu alimufungia rafiki wa zamani chini ya udongo.

Lakini mutazame vizuri hadisi yenyewe. Poe hakumupa Montresor haki. Hakutuambia tusi, ili tusiweze kusema kama kisasi kilikuwa cha kufaa. Na ule Montresor, nyuma ya miaka 50, angali anasimulia kila kitu, jiwe kwa jiwe, sawa mutu mwenye hakutoka mu ile galeri hata siku moja. Mwenye alifungwa mule ni wawili.

Mu ile nyumba ndogo ya Fordham, karibu na New York, Virginia alikuwa anakufa. Ugonjwa wa kifua ulimushika tangu januari 1842, siku yenye alikuwa anaimba na damu ikamutoka mu kinywa. Wenye wamemulinda mutu wa kifua wanajua ile miaka ya matumaini na kuanguka, matumaini na kuanguka. Alikufa tarehe 30 januari 1847. Tarehe 17 februari tribinali ikamupa Poe haki, na gazeti likaamuriwa kumulipa dola 225 na senti. Alishinda kesi, wakati mwenye angefurahi pamoja naye alikuwa mu kaburi juma mbili na zaidi.

Kifo mu Baltimore

Nyuma ya pale Poe aliishi miaka mbili na nusu. Mu 1849 alirudi ku Richmond, akamukuta Elmira, mwanamuke mwenye alimupenda wakati wa ujana, sasa mujane, na wakapatana kuoana. Tarehe 27 septemba aliondoka Richmond. Tarehe 3 oktoba, siku ya uchaguzi, watu walimukuta ku Baltimore, karibu na nyumba ya pombe kwenye watu walikuwa wanapigia kura, hana akili yake, na nguo yenye alivaa haikuwa yake. Wakamupeleka ku hospitali. Alikufa tarehe 7 oktoba, asubuhi, na miaka 40. Mupaka leo waganga hawapatani juu ya ugonjwa gani ulimuua. Kesho yake wakamuzika. Watu wenye walikuja ku maziko walikuwa wachache sana, na maombi yalikuwa mafupi.

Pale njo kuzikwa kwa mara ya kwanza.

Karatasi mu mikono ya adui

Tarehe 9 oktoba, siku mbili nyuma ya kifo, gazeti kubwa la New York, « Tribune », likatosha habari ya marehemu. Mwenye kuandika alitia jina Ludwig. Alisema kama kifo cha Poe kitashangaza watu, lakini wachache tu watalia, juu hakuwa na marafiki. Alimuonyesha sawa mutu wa kichaa mwenye kutembea usiku anasema na hewa, mwenye hasira na wivu kwa watu wote. Sehemu ingine ya yale maneno ilikamatwa mu roman moja ya Uingereza, kwenye ilikuwa inasema juu ya mutu wa kubuni, ikabandikwa ku mugongo wa marehemu. Ludwig alikuwa Rufus Griswold.

Mama Clemm sasa alibaki peke yake: mutoto amekufa, mukwe amekufa, hana mukate. Alitafuta mutu wa kukusanya hadisi za Edgar na kuzitosha mu kitabu, ili apate kitu cha kula. Griswold alikuwa tayari. Alijua kazi ya vitabu, alijua watu wa mashine. Mama mukongwe akaweka mukono ku karatasi, na hivi barua, hadisi na mashairi yote ya Poe yakaingia mu mikono ya mutu mwenye alimeza lawama tangu 1842.

Vitabu vilianza kutoka mu 1850. Mu kimoja Griswold aliandika maisha ya marehemu. Alisema kama universite ilimufukuza, si kweli. Alisema kama alikimbia jeshi. Si kweli, alitoka na karatasi nzuri. Na alifanya kitu kibaya kushinda ile: alibadilisha barua za Poe. Aliingiza maneno ya kumusifu yeye, Griswold, sawa vile Poe alimuheshimu sana na kumuomba, na maneno yenye kumuonyesha Poe kuwa mutu wa kinyume kwa marafiki wake wengine. Hivi mutu mwenye kusoma angesema: tazama, yule alimusifu huku na akamutukana kule, ni mutu gani?

Na makuta ya vitabu? Mama Clemm hakupata mushahara. Walimupa nakala za vitabu tu, aende kuziuzisha mwenyewe.

Kuko marafiki wenye hawakunyamaza. George Graham, mukubwa wa lile gazeti kwenye Poe na Griswold walifanya kazi, aliandika mu 1850 kumutetea marehemu. Alimujua vizuri, na madeni yake, na pombe yake, lakini alimuona pia anarudi nyumbani na mushahara na kuutia mu mikono ya mama mukwe. Mushairi Sarah Helen Whitman, mwenye Poe alitaka kumuoa mu 1848 na wakaachana, alitosha kitabu cha kumutetea mu 1860. Mwanamuke mwenye alikuwa na sababu ya kumukasirikia njo alisema ukweli. Baudelaire naye, ku mwanzo wa kitabu chake cha kutafsiri, alimulaumu Griswold sana. Lakini uongo ulikuwa umekwisha kutembea. Miaka mingi watu walisoma Poe na sura yenye Griswold alipaka. Ni mu 1941 tu mwalimu Arthur Hobson Quinn alitosha kitabu chenye kulinganisha barua za kweli na zile za Griswold, neno kwa neno, na kazi ya uongo ikaonekana mbele ya wote.

Ule njo ulikuwa muziko wa pili. Ulidumu karibu miaka 90.

Ukuta na mwenye kuujenga

Griswold alikufa mu agosti 1857, ku New York, na miaka 42. Alikufa na ugonjwa wa kifua, ule ule wenye ulimuua Virginia. Mu chumba chake walikuta picha tatu ku ukuta: yake mwenyewe, ya Frances Osgood, na ya Edgar Poe. Mutu mwenye alimuharibia jina, alilala kila usiku chini ya macho yake. Mwili wake ulibaki miaka minane mu nyumba ya kungojea maziko, na mu 1865 wakamuzika bila jiwe la jina. Poe yeye alipata jiwe kubwa ku Baltimore mu 1875.

Tusiseme kama huyu alikuwa malaika na yule shetani. Poe aliumiza watu, alikopa, alilewa, alitukana, na alipokea makuta ya sifa akarudisha lawama. Na Griswold, pamoja na chuki yake yote, alikusanya zile hadisi mu vitabu vyenye vilisomwa sana. Mukono wenye ulichafua jina, ule ule ulisaidia kazi isipotee.

Lakini tukumbuke jambo moja. English alimupiga Poe ngumi, alimutukana mu gazeti kwa jina lake, wakakwenda ku tribinali, wakamaliza. Ile ilimukata uso, haikumuzika. Griswold hakumupiga. Alimusalimia, aliandika barua za heshima, akangoja. Wazee wetu wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Poe alijua ile vizuri kushinda watu wote wa wakati wake. Aliiandika, wakamulipa dola chache, watu wakasoma na kutetemeka. Alijiona yeye ni Montresor, mwenye kushika mawe na chokaa. Hakuona kama ku maisha ya kweli yeye njo alikuwa Fortunato, na kama mwenye kubeba taa mbele yake alikuwa na hesabu ya zamani mu mufuko.

Na wewe, kama kuko rafiki mwenye ulimukosea zamani na mungali munasalimiana na kicheko, mumuite, mukae chini, museme lile neno kwa jina lake. Hata kama mutagombana. Ni heri ngumi moja ya mchana kuliko ukuta wenye kujengwa polepole. Na karatasi za jamaa, za kazi na za nyumba, bibi yako ajue kwenye ziko na nani wa kuaminiwa, wakati ungali unaweza kumuambia na kinywa chako.